Rejeta yenye moto chini na baridi juu

Ndugu, umeeleza kwamba rejeta za ghorofa ya juu, yaani vyuma vya ukutani vinavyopasha nyumba joto kwa maji ya moto, hupata moto chini tu, na kwamba mshale wa geji ya shinikizo kwenye boila, mtambo unaopasha maji hayo, hushuka kila baada ya wiki chache. La kwanza ni hewa iliyonaswa: zima mfumo, subiri rejeta zipoe, kinga kitambaa chini ya vali ndogo iliyo pembeni kwa juu, kisha uilegeze taratibu kwa ufunguo wake, hadi mlio wa hewa ukome na maji yaanze kutoka mfululizo. Yakiwa meusi, hiyo ni kutu. Baadaye ongeza maji hadi geji isome kati ya baa (kizio cha shinikizo) 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi.

Kinachonitia shaka zaidi ni huo mshale, kwa kuwa mfumo uliofungwa haupaswi kupoteza maji, na kila unapoongeza mapya unaingiza oksijeni inayokula chuma kwa ndani. Pitisha karatasi kavu kwenye maungio na vali zote. Usipoona unyevu, mwite fundi apime tangi la upanuzi, yaani tangi dogo linalopokea maji yanapotanuka kwa joto. Boila ikiwa ya gesi, kifuniko chake usikifungue mwenyewe.