Kupitia Hifadhi ya Arusha mkitoka Moshi na familia nzima

Kuitembelea Hifadhi ya Arusha na familia nzima mkitoka Moshi inawezekana, tena kwa gari lenu wenyewe, kampuni ya utalii si lazima. Mkitoka Moshi, mkifika Usa River kateni kulia, mtaingilia geti la Ngongongare. Mimi ni mwenyeji wa hapa Usa, na ndugu wakija na watoto ndiko tunakowapeleka.

Fedha taslimu getini hazipokelewi, kwa hiyo muwe na kadi au simu yenye salio. Wakubwa wabebe vitambulisho, la sivyo mtapata shida kulipa bei ya Watanzania. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi. Gari lina ada yake, mbali na ya watu.

Simba hamtawaona, waambieni watoto mapema wasije wakanuna. Lakini ukipita tu geti kuna uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, hapo twiga, pundamilia na nyati wako karibu kabisa na barabara. Msituni wapo mbega, wale weusi wenye mikia mirefu myeupe, na kwangu hao peke yao wanatosha kuwasimamisha. Mkiwa na muda endeleeni hadi maziwa ya Momella kuangalia flamingo. Chakula mlie sehemu zilizotengwa, na madirisha yafungwe maana nyani wanakwapua.

Ila Noah iliyojaa watu msiipandishe kwenye kreta ya Ngurdoto, humo humo hifadhini, kipindi cha masika. Kule kuna mwinuko na tope, mtasukuma.