Jumamosi ya Futiboli Vyuoni Marekani: Majibu kwa Wasomaji

Tangu nilipogusia miaka niliyosoma Columbus, katika jimbo la Ohio, wasomaji kadhaa wameniandikia kuuliza juu ya siku za mechi za futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi na kurushwa. Wengi wao hawaulizi sheria za mchezo wenyewe. Wanauliza juu ya watu, juu ya kinachowatoa nyumbani alfajiri na kuwarudisha usiku, na hilo ndilo ambalo nami nimependa kulijibu.

Niliona kwenye televisheni uwanja uliojaa watu zaidi ya laki moja, nikaambiwa wanaocheza ni wanafunzi. Imekuwaje timu ya chuo ikavuta watu kuliko timu za kulipwa? (Msomaji, Mwanza)

Vyuo vilitangulia, ndugu yangu. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 mjini New Brunswick, jimbo la New Jersey, ambapo Rutgers iliifunga Princeton 6 kwa 4. Ligi ya kulipwa, NFL, ilianzishwa mwaka 1920, na kufikia wakati huo watu walikwisha kushika timu za vyuo na kuzirithisha kwa watoto wao. Uwanja wa Ohio, wa chuo kikuu cha jimbo hilo kilichoko Columbus, ulifunguliwa mwaka 1922, na ule wa Michigan, ulioko Ann Arbor, ukafuata mwaka 1927. Leo uwanja wa Michigan una viti 107,601 na wa Ohio una viti 102,780, na hakuna uwanja hata mmoja wa NFL unaofikia viti laki moja.

Jambo la pili ni jiografia. Majimbo kama Alabama, Nebraska na Iowa hayana kabisa timu ya NFL, kwa hiyo timu ya chuo kikuu cha jimbo ndiyo timu ya kila mtu, pamoja na mkulima ambaye hajawahi kuketi katika darasa lolote la chuo hicho. Mjini Lincoln, Nebraska, tiketi za kila mechi ya nyumbani zimekuwa zikiuzwa zote tangu mwaka 1962. Mtu akikuambia kwamba kiti alichokalia alikikalia babu yake, usidhani anatia chumvi.

Ipo pia sheria ya utangazaji wa michezo ya mwaka 1961, ambayo huinyima NFL kinga yake ya kisheria ikirusha mechi siku za Jumamosi katika sehemu kubwa ya msimu, kuanzia Septemba hadi katikati ya Desemba. Ndiyo maana ligi ya kulipwa ilijikita Jumapili, na Jumamosi ikabaki kuwa siku ya vyuo.

Binti yangu ameanza masomo Columbus. Ananiambia kwamba siku ya mechi watu huanza kuchoma nyama kabla jua halijapanda, na mechi yenyewe ni saa sita mchana. Wanafanya nini muda wote huo, na je, niwe na wasiwasi? (Mama, Tanga)

Shikamoo, mama. Swali lako la kwanza ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana saa hizo za asubuhi ndizo nilizozikumbuka zaidi baada ya kuondoka kule, kuliko mabao.

Watu hufika na magari yao kwenye maegesho yaliyo karibu na uwanja, wakafungua mlango wa nyuma, wakashusha meza na viti vya kukunja, majiko ya mkaa au ya gesi, masanduku ya barafu na mahema yenye rangi za timu. Wamarekani huiita karamu hiyo kwa jina la kile kibao cha nyuma cha pikapu kinachoshushwa, kwa kuwa hapo zamani ndicho kilichokuwa meza. Mara ya kwanza nilipoalikwa, mwenyeji wangu alikuwa mzee mstaafu aliyekuwa akiegesha mahali pale pale tangu watoto wake wakiwa wadogo. Nilimkuta amekwisha kuwasha mkaa, amevaa koti jekundu lililochakaa kwenye viwiko, na anageuza soseji kwa koleo refu huku akiwasalimu wapita njia kwa majina. Aliniuliza wazazi wangu wanaishi wapi na wanafanya kazi gani kabla ya kuniuliza kama naujua mchezo. Familia tatu zilikula kwenye meza ile, na nilipouliza walifahamianaje, niliambiwa kwamba kilichowakutanisha ni kuegesha jirani tu. Ilipokaribia saa tano walizima majiko, wakamwaga makaa ya moto kwenye pipa la chuma lililowekwa kwa kazi hiyo, wakafunga kila kitu na kuanza kutembea kuelekea uwanjani wakiwa kundi moja.

Karamu hizi zina sura tofauti kila mahali. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, watu hukusanyika chini ya miti ya bustani ya katikati ya chuo, wanaume wengine wakiwa wamefunga tai na wanawake wamevaa magauni, na ndani ya baadhi ya mahema utaona taa za kioo zikining'inia juu ya meza zilizotandikwa vitambaa. Huko Knoxville, Tennessee, uwanja uko kando ya mto, basi mashabiki huja kwa mashua na kuzifunga pamoja zikaelea kama kijiji, desturi iliyoanza mwaka 1962.

Mwambie binti yako asikose bendi. Saa chache kabla ya mechi, bendi ya Ohio hufanya mazoezi ya mwisho ndani ya ukumbi ulio karibu na uwanja, na watu hujaa kuisikiliza. Kisha, uwanjani, wanabendi hutembea kwa mstari mmoja nyuma ya kiongozi wao, wakijipinda na kupishana hadi waandike neno «Ohio» kwa hati ya kuunganisha. Jambo hilo limefanyika tangu mwaka 1936. Mwisho kabisa hubaki nukta ya juu ya herufi «i», na anayeiweka ni mpiga susafoni, lile tarumbeta kubwa linalozungushwa mwilini na kutokeza juu ya kichwa, ambaye amekwisha kuitumikia bendi kwa miaka kadhaa. Hutoka kwa maringo, akirusha miguu, hadi kwenye nafasi yake, akavua kofia na kuinama sana upande mmoja wa uwanja, kisha upande wa pili. Nilimwona mwanamke mtu mzima aliyekaa mbele yangu akifuta machozi, na sikumwuliza sababu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pasipo kujua nimesimama lini.

Ama kuhusu wasiwasi, mama, pombe ipo, na ni nyingi. Sheria ya Marekani inamkataza aliye chini ya miaka 21 kuinywa, lakini maegesho ni mapana na macho ya polisi hayafiki kila pembe. Aende na marafiki anaowafahamu, arudi nao, simu yake iwe na chaji, na asitafute teksi karibu na uwanja baada ya mechi, kwa sababu barabara nyingi hufungwa na umati ni mkubwa. Ni heri atembee kidogo kwanza. Akizingatia hayo, mwache aende.

Nimehamia Iowa City. Katika mechi yangu ya kwanza, mwisho wa robo ya kwanza uwanja mzima uligeuka na kupungia jengo mkono. Hata wachezaji. Nilipunga tu bila kujua. (Mwanafunzi kutoka Nairobi)

Ulifanya vyema kupunga. Jengo lile ni hospitali ya watoto ya chuo kikuu, na ghorofa zake za juu zinatazama moja kwa moja ndani ya uwanja. Watoto waliolazwa, wengine kwa miezi, hukusanyika madirishani na wazazi wao. Hospitali ilipofunguliwa mwaka 2017, shabiki mmoja alipendekeza kwenye mtandao kwamba watu wawapungie, na Septemba ya mwaka huo huo ikawa. Tangu hapo robo ya kwanza ikiisha hupunga mashabiki karibu elfu sabini, waamuzi, makocha na timu ya wageni pia. Mechi ikiwa ya usiku, watu huwasha taa za simu ili watoto waone.

Desturi nyingi za mchezo huu zina umri wa karne, na wenyewe hujivunia umri huo. Hii ni changa, haikuamriwa na chuo wala haikulipiwa na mdhamini, na kwangu mimi hakuna inayoizidi.

Assalaam alaykum. Wafanyakazi wenzangu hapa Marekani wamenialika kwenye karamu ya maegeshoni kisha mechini. Mimi ni Mwislamu. Niende? Nibebe nini? (Msomaji kutoka Zanzibar)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nenda. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo beba chakula chako na cha kuwagawia: sambusa za nyama ya halali zitaondoka mezani kabla ya kitu kingine, na utakuwa umejihakikishia chakula. Mwambie mwenyeji mapema kwamba huli nguruwe, kwa kuwa soseji na mbavu nyingi za pale ni za nguruwe, na umwombe sehemu ya jiko au karatasi ya foili, ili nyama yako isichanganyike na nyingine. Soda na maji huwa tele, na sikuwahi kuona mtu akimlazimisha mgeni kunywa pombe.

Angalia saa ya kuanza. Mechi hupangwa dakika 60, lakini kwa kusimama kwingi huchukua zaidi ya saa tatu, kwa hiyo mechi ya saa sita mchana itaikumba adhuhuri na pengine alasiri, panga mapema. Viwanja vingi huruhusu tu mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo ndani, basi begi lako la kawaida liache garini. Uliza rangi za timu ya wageni kabla hujavaa shati. Ukiwa Texas A&M, uwe tayari kusimama kutwa, maana wanafunzi wa pale hawakai mchezo ukiendelea. Wanamkumbuka mwanafunzi mwenzao, E. King Gill, ambaye tarehe 2 Januari 1922, wachezaji walipokuwa wakiumia mmoja baada ya mwingine, alishuka kutoka jukwaani, akavaa sare na kusimama kando ya uwanja hadi mwisho, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Kusimama kwao ni kusema kwamba nao wako tayari.

Nasikia katika vyuo vya watu Weusi mapumziko ni makubwa kuliko mechi. Ni kweli? (Mzee, Bukavu)

Ni kweli, mzee wangu, na hakuna anayeona haya kulisema. Vyuo hivyo vilianzishwa wakati ambapo vingine viliwafungia mlango wanafunzi Weusi, hasa Kusini, na bendi zake zikajenga namna yake ya kucheza: magoti yanayopanda juu, pembe zinazoyumba kwa pamoja, na viongozi wanaojipinda kinyumenyume hadi kofia iguse nyasi. Wakati wa mapumziko watu hawaendi kununua vyakula, hubaki vitini. Mechi ikiisha, bendi mbili mara nyingi hubaki majukwaani zikijibizana kwa zamu, na mashabiki hukiita kipindi hicho robo ya tano. Grambling na Southern hukutana kila mwaka New Orleans mwishoni mwa Novemba, na mashindano ya bendi zao yana usiku wake na tiketi zake. Bendi ya Florida A&M iliwahi kualikwa Paris tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake.

Wasomaji wa pwani waliosikia kwa wazee habari za beni, vyama vya ngoma vilivyoshindana Mombasa na Lamu kwa matarumbeta na sare, watalielewa jambo hili upesi kuliko Wamarekani wengi.

Wachezaji wanalipwa? (Msomaji, Kampala)

Kwa miongo mingi walilipiwa ada, malazi na chakula tu, huku makocha wakilipwa mamilioni ya dola. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuingiza fedha kwa majina na sura zao, na baada ya mapatano ya mahakamani ya mwaka 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, fedha zinazogawanywa kwa wanamichezo wa michezo mbalimbali. Wapo wanaolalamika kwamba fedha zitaua desturi. Mimi naona ni haki iliyochelewa.

Utani wa jadi baina ya vyuo hivi huishia kwenye utani, au kuna uhasama wa kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sehemu kubwa ni utani, kama unavyoujua wewe uliyekulia kati ya Simba na Yanga. Columbus, katika wiki ya mechi dhidi ya Michigan, kila herufi M kwenye mabango ya chuo hufutwa kwa alama nyekundu ya X. Michigan na Minnesota hushindania mtungi wa maji ambao Michigan iliusahau Minneapolis mwaka 1903.

Lakini utani huo umewahi kuvuka mpaka, tena vibaya. Mjini Auburn, Alabama, timu ikishinda watu huenda kwenye kona ya Toomer na kurusha karatasi za chooni juu ya miti hadi matawi yaonekane meupe. Baada ya Auburn kuifunga Alabama 28 kwa 27 mwezi Novemba 2010, shabiki wa Alabama alimwagia sumu mialoni miwili ya pale. Wataalamu walijitahidi kuiokoa, ikashindikana, na Aprili 2013 ikakatwa. Miti mingine ilipandwa mahali pale mwaka 2015. Yatupasa kukumbuka pia kwamba mashabiki wa Alabama walikuwa miongoni mwa waliochanga fedha za kuitibu ile ya kwanza.

Ukitaka kuona utani uliolelewa vizuri, tazama mechi ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini, ya vyuo vya West Point na Annapolis, iliyoanza mwaka 1890. Wanafunzi wa vyuo vyote viwili huingia uwanjani kwa gwaride kabla ya mchezo, na kwa saa tatu hupigana vikumbo pasipo kuhurumiana. Kipenga cha mwisho kikilia, timu zote mbili hutembea hadi mbele ya jukwaa la wanafunzi wa upande ulioshindwa, zikasimama pamoja wakati wimbo wa chuo hicho ukiimbwa, kisha huvuka uwanja kwenda kusimama mbele ya washindi kwa wimbo wao. Ndiyo maana, mwaka mzima, vijana wa pande zote mbili hawasemi kwamba wanataka kushinda. Husema wanataka kuimba wa pili.