Uso wa Seiko 6105-8110: "PROOF" kwenye saa ya 1973?

Ndugu, umeeleza kwamba saa ya mbizi unayouziwa ina namba kwenye mfuniko wa nyuma inayoanza na 35, na usoni imeandikwa "WATER 150m PROOF". Hapo pana walakini.

Tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ni mwaka, ya pili ni mwezi. Modeli hii ilikoma miaka ya 1970, kwa hiyo 35 ni Mei 1973. Seiko waliacha neno "PROOF" na kuweka "RESIST" karibu 1970. Saa za kipindi hicho cha mpito huchanganya, lakini 1973 ni mbali mno. Ama uso umebadilishwa, ama mfuniko wa nyuma umetoka kwenye saa nyingine. Soma maandishi ya mfuniko pia, uone kama yanasema PROOF au RESIST.

Omba picha ya karibu, kioo kikiwa safi, ya sehemu ya chini penye alama ya sita (nasema sita ya Kizungu, siyo saa yetu!). Uso halisi una maandishi madogo sana yanayoanza na JAPAN na 6105. Herufi nene au zilizovuja wino ni za bandia. Linganisha pia rangi ya kung'aa gizani: mishale myeupe pe juu ya alama zilizogeuka manjano ina maana kitu kimeguswa.

Usifungue mwenyewe. Mpe fundi saa, na mkataze kupangusa uso. Maandishi hutoka na kitambaa. Wala usiogelee nayo kabla haijapimwa shinikizo.

Uso ukiwa wa bandia, lipia mashine na kasha tu.