Mlio wa Vikombe vya Kahawa

Swali: Ndugu Mhariri, utotoni mwangu katika Mji wa Kale, Mombasa, tulimjua muuza kahawa kwa mlio wa vikombe kabla hatujamwona. Mbona siku hizi ni nadra kuusikia?

Jibu: Mlio ule ndio uliokuwa tangazo lake: mkono mmoja ulibeba dele (birika la kahawa) la shaba lenye makaa chini yake, na wa pili uligonganisha vikombe vidogo visivyo na vishikio, hata walioketi barazani wakajua kuwa kahawa chungu imefika. Wengi wamehamia chupa ya chai, isiyohitaji makaa wala kusuguliwa kwa ndimu na majivu (ingawa, kwa ulimi wangu, kahawa yake hupoteza ladha upesi), na vikombe vya plastiki havilii. Pale Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, Unguja, kahawa ingalipo, ila wanywaji ndio wamfuatao muuzaji.