Re: Mshahara wa kwanza, nifungue akaunti wapi na kadi ipi ni salama?

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Umeuliza benki ipi, na kama kadi inafaa kununulia vitu mtandaoni.

Jina la benki lisikuumize kichwa, mradi ina leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Ila Januari 2018 benki tano zilifutiwa leseni kwa mkupuo. Ikitokea tena, Bodi ya Bima ya Amana inakulipa hadi shilingi milioni 7.5, kinachozidi unasubiri ufilisi, yaani mali za benki ziuzwe kwanza. Kwa mshahara wa kuanzia uko salama.

Kadi ndiyo ya kuangalia. Mimi niliwahi kumpa mhudumu kadi kwenye baa moja Sinza, akaenda nayo kaunta eti mashine haina chaji. Siku ya tatu, saa nane usiku, meseji: dola 40, duka silijui. Kurudishiwa ilichukua wiki sita na fomu kibao. Siku hizi mashine ndiyo inanifuata mezani.

Fungua akaunti mbili. Ya mshahara, kadi yake iache nyumbani. Ya pili weka hela ya matumizi tu, hiyo ndiyo ununulie mtandaoni, na kama programu ya benki inaruhusu, zima malipo ya mtandaoni ukimaliza.

Halafu laini yako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni watoto. Anayekuomba namba ya uthibitisho, ile benki inayokutumia kwa meseji, akijifanya mtu wa benki ndiye hatari. Kata simu.