Usiuamini mkondo ulioandikwa kwenye cheti cha utepe

Utepe wangu wa kwanza wa supakondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipoozwa vya kutosha, ulikuwa na upana wa milimita 4, na cheti chake kilisema unabeba ampea 100 ndani ya naitrojeni ya majimaji, yaani kwenye kelvini 77. Nikauweka katikati ya sumaku ya nusu tesla, uso wake ukiikabili sumaku, nikaanza kupandisha mkondo kuelekea ampea 80. Hata sikufika. Uliungua, na nilihuzunika kweli, maana ulikuwa wa pekee.

Cheti hakikudanganya. Ile 100 ilipimwa bila sumaku ya nje, na mimi sikuuliza. Uga wa sumaku huingia ndani ya utepe kama nyuzi nyembamba, kila moja ikizungukwa na kizingo cha mkondo. Mkondo unaopita huzisukuma. Vikasoro vidogo ndani ya utepe vikizishika, hakuna volti. Zikiteleza, volti na joto huzaliwa. Kwenye kelvini 77 mshiko huo ni dhaifu, kwa sababu YBCO, yaani maada yenyewe ya utepe, hupoteza hali yake ya supakondakta karibu na kelvini 92. Ukiweza kupooza zaidi, pooza.

Pembe nayo ina uzito mkubwa. Uga ukilala sambamba na uso wa utepe, mkondo hupungua kidogo tu. Ukisimama wima juu yake, hupungua vibaya. Kwa hiyo zungusha sampuli na upime pembe nyingi. Koili huwa na udhaifu huohuo kwenye ncha zake, ambako uga hupinda na kuukabili uso wa utepe, kwa hiyo fanyia hesabu ncha kwanza, si katikati.

Pima kwa nyaya nne, mbili za mkondo na mbili za volti, na hizi za volti uzisokote pamoja. Kikomo tunachotumia wengi, yaani volti inayotuambia utepe umefika mwisho wa mkondo wake, ni maikrovolti 1 kwa kila sentimita. Geuza mwelekeo wa mkondo usome tena, ili volti zinazotokana na tofauti za joto kwenye viungo zijifute.

Halafu weka kikata umeme cha kujiendesha, tafadhali. Volti hupanda kwa kipeo cha mkondo, yaani kama mkondo uliozidishwa kwa wenyewe mara nyingi, na kwa tepe nyingi kipeo hicho ni 20 hadi 30: kikiwa 25, ongeza mkondo asilimia 10 tu juu ya ule wa kikomo, volti huzidi mara 10. Joto nalo husambaa polepole sana kwenye utepe, kwa hiyo hujikusanya mahali pamoja. Mkono wako hautawahi.