Nimeomba fidia ya vidole, naambiwa "tutakuita"

SWALI: Nimefanya kazi miezi 14 mfululizo katika kiwanda cha mbao karibu na Molo, nikilipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa. Msumeno ulinikata vidole viwili. Nilipoomba fomu ya fidia, msimamizi alisema mimi ni kibarua tu, nisirudi hadi niitwe. Hii ni wiki ya tatu. Je, nimefutwa?

JIBU: Pole sana, ndugu. Hiyo "tutakuita" ni mtego. Barua ya kukufuta haipo, na kesho mwajiri atasema ulitoroka kazi. Chini ya Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, wewe ndiwe wa kuonyesha kwamba uliachishwa isivyo haki; yeye ndiye wa kutetea sababu zake. Basi leo hii mtumie msimamizi ujumbe: niko tayari kurudi daktari akiniruhusu, nawe tarehe fulani uliniambia nisubiri. Usiufute. Fika pia langoni ukiwa na shahidi, uandike tarehe.

Neno "kibarua" lisikutishe. Kwa miezi 14 mfululizo, kifungu cha 37 kinakupa haki za mwajiriwa wa kawaida. Kifungu cha 46 nacho kinasema lalamiko lenye msingi dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu. Mfikie afisa wa leba ndani ya miezi 3. Mahakama inaweza kukupa hadi mishahara ya miezi 12.

Fidia ina njia yake, na kufutwa hakuifuti. Mwajiri alipaswa kuripoti ajali kwa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku 7. Kama hakuripoti, nenda mwenyewe ofisi yao ya Nakuru kabla ya miezi 12 kwisha, na kitambulisho, taarifa ya M-Pesa na kadi ya hospitali. Isome kadi kwanza! Mara nyingi anayempeleka majeruhi ni dereva wa kampuni, na maelezo yake huandikwa "ameumia nyumbani". Ikiwa hivyo, mrudie daktari mapema.

Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Mwenye shilingi 18,000 kwa mwezi na asilimia 10 hupata 172,800. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi ya "nimelipwa yote" kwa elfu ishirini. Wala usikubali wakili akimbilie mahakamani kudai fidia hii: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019, madai haya huanzia DOSH. Usiporidhika na uamuzi wao, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi.